Homa ya Mbingu

"Kwani mbingu iko na homa?"

Swali hilo Aziza, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimtupia Mwavita asubuhi moja mbele ya tanuri, mkate wa moto ukiwa mkononi na watu wamesimama nyuma yake wakingoja zamu. Alikuwa ameanza vizuri, kwa kumjulia hali mtoto wa Mwavita. Mbaraka, aliyekwenda Ubelgiji kusoma na kutoka huko akavushwa hadi Amerika, alikuwa anafanya kazi gani hasa?

"Anapima joto," Mwavita alijibu, kama alivyosikia kwenye kaseti aliyotumiwa kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja.

"Joto ya nani?"

"Ya mbingu."

Ndipo Aziza akauliza lile swali, tena akaongeza, "Aseme basi, tumupelekee dawa ya kinini!" Watu wakacheka hadi mmoja akaangusha mkate wake mchangani. Mwavita naye alicheka, maana Aziza hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake tu haukuwa na mlango. Lakini tangu siku hiyo jina likamganda. Pale Mikelenge, mtaa wa Kindu, watoto waliotumwa mkate walisema wanakwenda kwa Mama wa Homa ya Mbingu, na mume wake, mzee Asumani, alipopita kutoka kazini kwake stesheni ya reli, vijana walimwuliza kama mgonjwa wa juu ameamkaje.

Tanuri lile Mwavita alilirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Ni nyumba ndogo ya matofali na udongo, mgongo wa kobe. Unawasha kuni ndani mpaka kuta zinaacha weusi na kuwa nyeupe. Kisha unakokota makaa yote nje, unapangusa sakafu kwa majani mabichi ya mgomba yaliyofungwa kwenye mti, na ndani hakubaki hata cheche. Mkate unaiva kwa joto lililojificha kwenye kuta. Mwavita hakuwa na kipimo. Aliweka kiganja mbele ya mdomo wa tanuri, bila kugusa kitu, akanyamaza kama mtu anayesali, kisha akasema "bado" au akasema "ingiza". Hakuwahi kuunguza mkate wa watu, ila labda ule wa siku aliyoletewa habari ya kifo cha mumewe.

Mzee Asumani alifariki mwezi wa nne, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nane, Mungu amrehemu. Alianguka stesheni, na jioni ileile akazikwa. Mapadri wa misheni walikuwa na foni, redio ya mawasiliano, nao, kwa wema wao, walipeleka habari Kinshasa, na kutoka Kinshasa ikavuka bahari. Juma moja likapita, na zaidi, ndipo Mbaraka akashuka kwenye ndege na sanduku moja, amekonda, miwani mikubwa usoni. Alikwenda makaburini kwanza. Alipofika nyumbani alilala kwenye mkeka wa baba yake na hakula mpaka kesho yake.

Ruhusa yake ilikuwa fupi. "Mama," alisema, "ndege ya juma lijalo nirudi. Chombo chetu cha kupimia joto tumelazimika kukijenga upya, kipungue uzito, na kazi imetujaa."

Mwavita hakumwacha amalize. "Urudi? Kabla ya arobaini?"

"Nitasoma hitma kulekule, mama."

"Na nani atatoa mkono mlangoni?"

Mbaraka alijua maana ya swali hilo. Katika familia zile za Kiislamu za Kindu, siku ya arobaini watu waliokosana na marehemu wanakuja mmoja mmoja mlangoni, na mwanawe wa kiume ndiye anayewapa mkono na kusema, "Baba amekusamehe." Bila mkono ule ugomvi unabaki, na maiti, wanasema, hapumziki vizuri. Mzee Asumani hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Mwavita alilia, alishika miguu ya mtoto wake, alitaja jina la Mungu. Mbaraka akaenda kwa mapadri, akaomba foni, akawaambia wakubwa wake kwamba atakawia. Walikubali, lakini kwa shingo upande.

Kila alipokumbuka siku ile, baadaye, Mwavita aliiona mikono yake mwenyewe imeng'ang'ania miguu ile.

Ramadhani ilikuwa imeingia. Mikate ya futari ni mingi, na Mbaraka alimsaidia mama yake kupasua kuni na kukokota makaa, saumu kavu mdomoni. Alasiri moja alimkuta ameweka kiganja mbele ya tanuri, akacheka peke yake.

"Unacheka nini, wewe?"

"Mkono wako, mama. Ndio chombo chetu hicho."

Akamweleza. Zamani, kabla ya kuwa na nyota yoyote, kabla ya kuwa na dunia, kila kitu kilikuwa moto mmoja. Moto ule ulikwisha, ukakokotwa nje kama makaa yale, lakini joto lake bado limetapakaa mbinguni kote, dogo sana, na jicho haliwezi kuliona. Nyota nazo, na mavumbi yaliyo kati yake, vina joto lao lisiloonekana. Chombo kitapaa juu ya dunia, kitageuka polepole kama mtu anayetafuta kitu, na kupima joto hilo kila upande.

Mwavita alifikiri kidogo. Kwake neno la moto wa kwanza halikuwa gumu, maana alijua ni nani aliyesema "Kuwa," na kila kitu kikawa. Alichouliza ni kingine. "Na kwa nini kisipime kutoka hapa hapa?"

"Hapa kuna joto jingi. Hewa iko na joto, udongo uko na joto, hata mimi. Tena chombo chenyewe nacho kina joto lake. Wewe ukiwa na homa, mama, unaweza kumgusa mtoto ukajua kama anachemka?"

"Hapana. Ninaita Aziza amguse."

"Basi. Kwa hiyo tunakitia ndani ya pipa la baridi. Kuna gesi inayopozwa mpaka inakuwa kama maji, baridi kupita barafu yote unayoijua. Ndani mwake chombo kinasahau joto lake, ndipo kinaweza kuhisi lile la mwanzo. Macho ya chombo wametengeneza wengine. Mimi niko upande wa pipa, na mfuniko wake, na wenzangu wengi."

"Na jua? Huko juu si mnalisogelea?"

"Tumekitilia mwavuli."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mwavita akauliza jambo ambalo mama wa nyumba lazima aulize: pipa hilo likijazwa, baridi inakaa siku ngapi?

"Haifiki mwaka," alisema Mbaraka. "Inachemka kidogo kidogo, inatoroka. Ikiisha, chombo kinabaki kusikia homa yake chenyewe. Hakifi chote, lakini kile tulichokitafuta zaidi hakikioni tena. Ndiyo maana nataka niwe pale, mama. Miezi ile michache nataka niwe pale. Nimelikalia pipa lile miaka, kama kuku na yai."

Hayo ndiyo aliyoyataka Mbaraka duniani, na mama yake aliyasikia kwa masikio yake.

Sasa, mtaani kulikuwa na Onema, mkubwa wa Chama, kile kimoja cha nchi nzima. Zamani wakati wa ubatizo aliitwa Bruno, lakini amri ilipotoka watu waache majina ya wageni, yeye alikuwa wa kwanza kulitupa lake, na ole wako umwite hivyo. Alivaa abakosi, ile suti ya Chama isiyovaliwa na tai, imepigwa pasi, na picha ya Guide, yaani rais, imebanwa kwa pini kifuani. Yeye na mzee Asumani walikuwa na neno: Ijumaa moja Onema alimkuta mzee anakwenda kuswali saa ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, akamrudisha mbele ya watu na kumfagilisha uwanja wa Chama peke yake hadi jioni. Mzee hakusema kitu. Lakini tangu hapo hakuitika salamu yake.

Siku chache kabla ya Idi Onema alifika, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Mama, nasikia kutakuwa na arobaini. Watu wengi."

"Ndugu tu na majirani, sitwayen," alijibu Mwavita, kwa lile neno la "mwananchi" ambalo Chama kiliamuru watu waitane.

"Mkusanyiko ni mkusanyiko. Inaomba ruhusa." Akajipangusa goti. "Lakini mimi si mtu wa kutesa wafiwa. Tarehe ishirini Mei ni siku ya Chama chetu. Huyu mutoto yetu apande jukwaani, aeleze vile Guide amemufikisha mbinguni. Maneno mawili. Na arobaini yenu mufanye kwa amani."

Mbaraka alikataa papo hapo. Guide hajanifikisha popote, alisema, chombo si cha Zaire, na mimi ni fundi wa pipa. Onema akatabasamu, akatoka. Usiku mzima Mwavita hakumsemesha mwanawe, na alfajiri, wakati wa daku, akamwambia kwa upole, "Maneno mawili tu, baba yangu. Kwa ajili ya baba yako."

Naye akakubali. Hakuwa mtoto wa kumkatalia mama yake mara mbili.

Uwanja ulijaa tarehe ishirini. Wanawake walicheza kwa kanga za Chama, ngoma zikapigwa mpaka vumbi likafunika viongozi kwenye viti. Mbaraka alipanda na shati jeupe, akasema kwa sauti ndogo kwamba wasomi wa nchi nyingi wanajenga chombo cha kupima joto la zamani, na kwamba anawashukuru walimu wake wa Kindu. Hakumtaja Guide kwa wema wala kwa ubaya. Alikuwa anageuka kushuka, na mambo yangeishia pale.

Lakini mdomo usio na mlango ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Mnajua, au mmesikia, habari za televisheni zilivyofunguliwa wakati ule: mawingu kwanza, na ndani ya mawingu uso wa Guide unashuka kidogo kidogo. Aziza alikuwa ameiona kwa macho yake safari ya Kisangani, na hakuchoka kuisimulia.

"Sitwayen Mbaraka!" alipaza sauti. "Hiyo chombo yenu ikipita mu mawingu, itamukuta Guide pale?"

Watu wakavuta pumzi. Mbaraka alicheka, kicheko cha nyumbani, akajibu kama alivyozoea kumjibu tangu utoto.

"Mawingu iko chini sana, Mama Aziza. Tutayapita yote kwa dakika chache. Na kule juu hakuna mutu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na wa pili, na uwanja mzima ukaangua kicheko, kicheko cha watu waliokinyimwa miaka. Onema naye alicheka. Mwavita alimwona: alikuwa akicheka meno yote nje, na macho yake hayakuwamo katika kicheko kile.

Kabla ya magharibi Onema alikuwa mlangoni. Mbaraka alikuwa ametangulia msikitini.

"Mama, shida ndogo tu. Paspoti ya sitwayen, wakubwa wanataka kuiangalia. Kesho asubuhi ninaileta mimi mwenyewe."

Mwavita alifungua sanduku. Aliitoa ndani ya kitambaa cheupe alichoiviringishia mwenyewe isipate unyevu, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima kitu cha heshima. Tena akamwongezea mkate, wa moto, kwa sababu ndivyo alivyolelewa: mgeni haondoki mikono mitupu.

Mbaraka aliporudi hakupiga kelele. "Umempa, mama?"

"Amesema kesho."

Akaketi chini, akaegemea ukuta, akavua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa baba yake.

Kesho ilikuja bila Onema. Keshokutwa yake ilikuwa arobaini, na Onema alikuja. Alikula pilau pamoja na watu, akaosha mikono, akasimama kwenye mstari wa wale waliokosana na marehemu. Zamu yake ilipofika alinyoosha mkono. Mwavita, aliyekuwa ndani na wanawake, aliona kupitia pazia mkono wa mwanawe ukibaki chini, na watu wanangoja, na shehe akikohoa. Kisha mkono ule ukapanda.

"Baba amekusamehe," Mbaraka alisema.

"Mungu amulaze pema," alisema Onema. "Ile kitu yako iko njiani, sitwayen."

Kwa ajili ya neno lile la mlangoni mtoto aliacha kazi yake, na mtu wa kulipokea akawa ndiye huyu. Mwavita alisujudu usiku huo akamwuliza Mungu kwa nini, na nadhani Mungu hakukasirika kuulizwa.

Njia ile aliyoisema Onema haikufika mwisho. Ofisini walisema paspoti iko kwa mkubwa. Mkubwa akasema imepelekwa Kinshasa. Mwaka uleule Maniema ikawa mkoa unaojitegemea, ofisi zikahama, wakubwa wakabadilishwa, na kila mpya alimwuliza Mbaraka ni paspoti gani. Onema alipokutwa barabarani alisema, "Subira, sitwayen." Amerika wakangoja, wakangoja tena, kisha foni ya mapadri ikaleta habari ya kwamba mahali pake pamepata mwingine. Walisema wanasikitika. Labda ni kweli.

Alipewa madarasa ya fizikia kwenye shule moja, bila vitabu, na chaki ya kuombaomba. Jioni alipasua kuni. Aliacha kueleza. Mwanafunzi akimwuliza habari ya nyota alimjibu aangalie kitabu, na kitabu hakikuwepo. Ukimkaribia ulihisi ukali unamtoka kama joto la ukuta, na mama yake, aliyejua kupima bila kugusa, alikuwa akisimama mbali kidogo naye, ameshika sinia, akifikiri, bado.

Aziza hakuuliza swali lolote tena. Alikuja kununua mkate na kuondoka kimya, kanga imefunika mdomo. Mwavita hakumfukuza. Siku moja tu alimwambia, "Cheka basi, dada. Ukinyamaza hivyo ninaumia zaidi." Aziza alilia palepale mbele ya tanuri.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka uliofuata, Mbaraka alikuwa anasikiliza habari za Kifaransa kwenye redio ndogo ya baba yake. Mwavita alikuwa anakanda unga. Hakuelewa Kifaransa, lakini alielewa mgongo wa mtoto wake, ulivyonyooka.

"Kimepanda," Mbaraka alisema.

"Kizima?"

"Kizima."

"Na pipa?"

"Mfuniko utafunguliwa siku hizi. Utafunguka vizuri. Ninaujua." Akazima redio ili kuokoa betri, akatoka nje, akaanza kukokota makaa ya tanuri ambalo lilikuwa limeshakokotwa. Mwavita alisikia chuma kikikwaruza sakafu tupu, muda mrefu.

Tangu jioni ile alianza kuifikiria baridi ile kama mtu anavyofikiria mafuta ya taa yaliyobaki chupani. Mvua za mwaka mpya zikanyesha, Lualaba ikajaa, naye alijua huko juu inachemka kidogo kidogo, inatoroka. Hakumwambia mtu. Kwenye sala zake, baada ya kuwaombea wafu na wagonjwa, aliombea pipa.

Mwezi wa nne Guide alisema redioni kwamba chama si kimoja tena, na kila mtu ajiite jina analotaka. Kindu ililala na abakosi ikaamka na tai. Na Mei haijaisha, Onema akaja kwenye tanuri asubuhi, wakati wa watu wengi, tai nyekundu shingoni, kifuani hakuna picha. Mahali pa pini palikuwa na tundu mbili ndogo kwenye kitambaa.

"Salamu, mama zangu! Mambo ya sitwayen imekwisha. Mimi ni Bruno."

"Bruno?" alisema Mwavita. "Si ulitufundisha wewe mwenyewe, hiyo jina ni ya wakoloni?"

Watu wakacheka, na Aziza, kwa mara ya kwanza tangu siku ya jukwaa, alicheka pamoja nao. Onema alicheka pia. Alikuwa na kipaji hicho.

"Ya zamani tuzike, mama. Tunaanzisha chama kipya, chama ya kusikiliza watu. Wamama wa Mikelenge mnaomba nini? Maji? Dawa? Semeni bila woga, woga imekwisha." Akamnyooshea Mwavita mkono wa kusalimia.

Mikono ya Mwavita ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na hakuipangusa. Mkono wa Onema ukabaki hewani. Kando ya nyumba Mbaraka alikuwa anapasua kuni. Shoka lilikuwa limesimama, lakini hakugeuka. Mwavita aliinua kiganja chake chenye unga, akakiweka mbele ya mdomo wa tanuri, akanyamaza kama siku zote. Watu nao wakanyamaza, wakidhani anapima mkate.

Kisha akasema, "Ninaomba paspoti ya mutoto yangu, ile niliyokupa kwa mikono yangu. Uilete leo, kwa sababu baridi ya pipa lao bado haijaisha."